Dilofosaurus hakutema sumu

Tangu filamu ya Jurassic Park itoke mwaka 1993, wengi wanamjua Dilofosaurus kama dinosaria mdogo anayetandaza ngozi shingoni na kumtemea adui sumu. Hakuna kisukuku hata kimoja kinachothibitisha hayo. Vishungi viwili vya kichwani ni vya kweli. Sumu na ngozi ile vilibuniwa. Hata umbo lake lilipunguzwa mno, kwani mnyama halisi alifikia urefu wa mita 6 hivi.

Sumu iliaminika kwa urahisi kwa sababu ya kosa la zamani zaidi. Mifupa yake ilichimbwa mwaka 1942 huko Arizona, Marekani, katika ardhi ya Wanavajo, jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani, baada ya kugunduliwa na Mnavajo Jesse Williams, jina linalostahili kutajwa kila mara. Sehemu zilizokosekana zilijazwa plasta, na wataalamu wakaliona taya kuwa dhaifu mno kwa kuua mawindo makubwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kinyume: lilikuwa taya imara, lenye nafasi ya kushika misuli yenye nguvu. Mwindaji wa namna hiyo aliua kwa kung'ata.