Upasuaji wa plastiki hauna plastiki

"Kwani atakuwa anawawekea watu plastiki usoni?" Ndivyo wengi Nairobi huuliza wakisikia binti wa jirani anasomea upasuaji wa plastiki. Wengine hudhani ni kunyoosha pua za matajiri tu. Jina ndilo linaloponza: limetoka kwenye neno la Kigiriki la kufinyanga, na madaktari walikuwa wakilitumia tayari mwaka 1838, kabla ya ndoo za plastiki kujulikana.

Kazi yenyewe ni mtoto aliyemwagikiwa uji moto, mama aliyeondolewa titi kwa saratani, abiria wa bodaboda aliyechunika mguu. Kidonda cha kawaida hupandikizwa ngozi nyembamba iliyochunwa pajani. Mfupa ulio wazi huikataa ngozi hiyo, kwa hiyo huhamishwa nyama pamoja na mishipa yake ya damu, ikaunganishwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Hapo mkono usiotulia hauna nafasi.

Na si kozi ya miezi. Baada ya miaka 6 ya udaktari na 1 ya mazoezi, njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, huchukua 5: miwili ya misingi ya upasuaji, mitatu ya ubingwa. Pua nazo hufundishwa, lakini si ndizo zinazojaza wodi.