Abesi wa Kifalme wa Waanglo-Saksoni: Dhana Potofu na Ukweli

"Waliingia utawani kwa kukosa waume."
Abesi ni mwanamke anayeongoza monasteri, na kadhaa wa mashuhuri miongoni mwa Waanglo-Saksoni, watu wa Uingereza ya kale, walikuwa malkia kwanza. Æthelthryth, binti wa Anna, mfalme wa East Anglia (moja ya falme za Uingereza ya wakati huo), aliolewa mara mbili. Aliishi miaka 12 na mume wa pili, Ecgfrith wa Northumbria, kabla ya kukubaliwa aondoke. Alivishwa shela ya utawa katika monasteri ya Coldingham, kwa abesi Æbbe, shangazi wa mumewe huyo huyo. Mwaka 673 akaanzisha monasteri ya Ely. Alipofariki mwaka 679, nafasi yake ilishikwa na dada yake Seaxburh, malkia mjane wa Kent. Undugu haukukoma mlangoni mwa monasteri, ndio ulioiendesha.

"Kuanzisha monasteri ni kujenga kanisa."
Kilichotangulia ni ardhi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kabla ya vita vya Winwæd mwaka 655, mfalme Oswiu wa Northumbria aliweka nadhiri. Aliposhinda, alimtoa kwa Mungu bintiye Ælfflæd, mtoto wa mwaka mmoja hivi, pamoja na maeneo 12 ya ardhi: sita Deira, sita Bernicia (sehemu mbili za Northumbria), kila moja likikadiriwa kutosha kaya 10. Mtoto alikabidhiwa kwa Hild, abesi wa Hartlepool, mwenyewe wa ukoo wa kifalme. Miaka miwili baadaye Hild akapata ardhi ya kaya 10 Whitby, akaanzisha monasteri huko. Ardhi hiyo ndiyo iliyolisha watu, kwa hiyo aliyepoteza hati za umiliki alihatarisha kila kitu. Kwa monasteri ya Cookham, hati ziliibwa, na monasteri ikapita mikononi mwa wafalme. Kanisa la Canterbury liliendelea kuidai hadi mwaka 798, abesi Cynethryth, mjane wa mfalme Offa wa Mercia, alipoafikiana na askofu mkuu Æthelheard: yeye abaki na Cookham, Canterbury ipewe ardhi ya kaya 110 huko Kent. Hayo ni mazungumzo ya mtu anayejua thamani ya kila shamba.

"Zilikuwa nyumba za wanawake tu."
Nyingi za karne ya 7 zilikuwa na watawa wa kike na wa kiume, wote chini ya abesi. Sababu moja ni ya wazi: abesi hakuweza kuadhimisha Misa, hivyo alihitaji mapadre karibu. Lakini hao mapadre walimtii yeye. Whitby ilitoa maaskofu watano waliosoma chini ya Hild: Bosa, Ætla, Oftfor, John na Wilfrid (si yule Wilfrid maarufu wa York).

"Hild ndiye aliyeamua tarehe ya Pasaka."
Sinodi (mkutano wa kanisa) ya mwaka 664, iliyochagua kati ya desturi ya Waairishi na ya Roma ya kupanga Pasaka, ilifanyika kwake Whitby, ila yeye alikuwa upande wa Waairishi. Aliyeamua ni Oswiu, akachagua desturi ya Roma.

"Hawakuwa na elimu."
Aldhelm, msomi wa kanisa, aliwaandikia abesi Hildelith na watawa wa Barking kitabu kizima juu ya ubikira, kwa Kilatini kigumu ambacho hata wasomi wa leo hukisoma kwa taabu. Naye Boniface, akiwa mmisionari Ujerumani, alimwomba abesi Eadburg amnakilie Nyaraka za Petro kwa herufi za dhahabu, ili wasikilizaji wake wayaheshimu Maandiko wanapoyatazama. Dhahabu alimpelekea mwenyewe.