Kamera ya Raspberry Pi inayopiga picha yenyewe: usiiachie iamue kila kitu

Wengi wakitaka Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, iwapigie picha kila baada ya dakika kadhaa huanza na skripti, yaani faili la amri. Mimi huanza na lenzi. Skripti ni mistari miwili tu. Kinachoharibu mfululizo wa picha ni kamera kuachiwa ijiamulie.

Kuunganisha hakuna maneno mengi: zima umeme, inua kibano cha soketi, ingiza utepe (waya bapa wa kamera) hadi mwisho, bana. Ila kabla ya kununua utepe, kumbuka kwamba Raspberry Pi 5 ina soketi nyembamba ya pini 22, ilhali Raspberry Pi 4 ina ya pini 15. Ukiwasha, andika `rpicam-hello --list-cameras`. Kamera isipoonekana, shuku kwanza utepe uliogeuzwa. Maelekezo yanayotaja `raspistill`, amri ya zamani ya kupiga picha, yapite tu, yamepitwa na wakati. Siku hizi ni `rpicam-still`.

Sasa lenzi. Camera Module 3, mojawapo ya kamera za Raspberry Pi, hutafuta fokasi yenyewe, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Unapiga mche unaokua, jani linasogea kidogo, kamera inauacha mche na kuukazia macho ukuta wa nyuma. Izime: `--autofocus-mode manual --lens-position 2`. Namba hiyo ni 1 gawanya kwa umbali wa mita, kwa hiyo 2 ni nusu mita, 0.5 ni mita mbili, na 0 ni mbali kabisa.

Mwanga nao ni hivyo hivyo. Chini ya taa isiyobadilika, piga picha moja ukiongeza `--metadata -`, usome thamani ilizochagua kamera, kisha uzifunge kwa `--shutter` (muda wa mwanga kuingia), `--gain` (ukuzaji wa mwanga) na `--awbgains` (uwiano wa rangi). Usipofanya hivyo, ukiziunganisha picha kuwa video itakuwa inapepesa. Nje kwenye jua mimi hufunga rangi tu, mwanga naachia kamera, maana mchana na jioni havifanani hata kidogo.

Kwa ratiba, `--timelapse` ya `rpicam-still` ipo, lakini napendelea cron, programu ya Linux inayoendesha amri kwa saa ulizopanga. Programu ikikwama usiku, `--timelapse` imeishia hapo. Cron hujaribu tena zamu ifuatayo. Angalizo moja: ndani ya crontab (faili la ratiba ya cron) alama ya % huhesabiwa kama mwisho wa mstari, hivyo `date +%H%M`, ya kuweka saa kwenye jina la picha, haitafanya kazi mpaka uandike `\%`. Ni nafuu kuiweka amri kwenye faili la skripti.

Raspberry Pi 4 haina saa inayotembea umeme ukikatika. Ikiwaka bila intaneti hushika muda wa zamani, na picha mpya inaweza kufuta ya awali yenye jina lile lile. Raspberry Pi 5 inayo saa, mradi uichomekee betri yake.

Na hesabu nafasi mapema. Picha ya kila dakika ni 1440 kwa siku. Kila moja ikiwa na MB 4, kadi ya GB 32 haimalizi wiki. Zihamishie kompyuta nyingine kwa `rsync`, programu ya kunakili mafaili, kila usiku, na uzifute kwenye kadi baada tu ya kuthibitisha zimefika.