Mlipuko wa Ugonjwa: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Mlipuko ni nini?
Ni ugonjwa kujitokeza mahali fulani kwa wingi usio wa kawaida. Ukisambaa duniani, ni janga.

Ukiwa bado katika nchi moja, nchi nyingine unazihusu nini?
Unazihusu sana. Aliyeambukizwa Ebola anaweza kukaa hadi siku 21 bila dalili, akasafiri akijiona mzima. Ndiyo maana Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka serikali ikishatathmini tukio la hatari iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24.

Si afadhali kungoja hadi tuwe na uhakika?
Hapana. SARS, ugonjwa wa mapafu unaoambukiza, ilianza Guangdong, China, Novemba 2002. Taarifa rasmi ikalifikia Shirika la Afya Duniani Februari 2003. Watu zaidi ya 8,000 waliugua, 774 wakafa. Ebola ilianza Guinea Desemba 2013 na kutambuliwa Machi 2014, ikiwa imeshasambaa. Ikaua zaidi ya watu 11,000. Shaka inatosha kutoa taarifa. Uhakika utaletwa na maabara.

Na nchi ikisema ukweli, si itafungiwa mipaka?
Hutokea, na ni kosa kubwa. Novemba 2021 wanasayansi wa kusini mwa Afrika walitangaza Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, na mara safari za ndege zikasitishwa. Kumwadhibu aliyesema ni kuwafundisha wengine kuficha. Hata hivyo, jibu ni lile lile: ukweli usemwe.

Ushirikiano umewahi kufaulu?
Ndui. Marekani na Umoja wa Kisovyeti, mahasimu wakubwa, walisaidia kampeni moja. Mgonjwa alitafutwa, akatengwa, waliomzunguka wakachanjwa. Mwaka 1980 ilitangazwa imetokomezwa.

Mimi raia wa kawaida nahusikaje?
Taarifa ya saa 24 huanzia kwako. Katika kituo cha afya tunaletewa mgonjwa siku ya tano ya kuugua, amelegea, midomo imekauka, ndugu wameshamuuguza kwa zamu kwa mikono mitupu. Tukiuliza amesafiri wapi, wanatazamana. “Alikula kitu kibaya tu.” Kesho yake tunasikia alitoka kumzika mtu. Tafadhali, acheni hili! Usifiche safari. Usifiche msiba. Usisubiri siku ya tano.

Niseme lini?
Leo. Ukipata homa baada ya kumuuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, piga simu kituo cha afya kabla hujaondoka nyumbani, na hilo liwe neno lako la kwanza.