Isome Kama Fisi

Mtoto wa Gredi ya 2 anaweza kusoma ukurasa mzima wa Kiswahili bila kukosea neno, na bado asijue amesoma nini. Irabu zetu ni tano tu, kila moja na sauti yake, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Akishazoea ba-be-bi-bo-bu, atatamka chochote. Wazazi wanaokuja kwenye sehemu ya watoto ya maktaba yetu hapa Nairobi huniambia kwa fahari, "Huyu anajua kusoma." Nami humwomba mtoto airudie sentensi ileile, ila awe fisi mwenye njaa. Kimya.

Tatizo hili limejificha ndani ya lugha. "Baba amekuja." "Baba amekuja?" Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule, kinachotofautisha ni alama ya mwisho, na mdomoni ni kiimbo, yaani sauti inavyopanda na kushuka. Au chukua neno barabara. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Ukiwa kwenye ya tatu kutoka mwisho, ni sawasawa kabisa. Mtoto anayesoma silabi mojamoja, kama anayechambua mchele, hayasikii haya. Huanza kuyasikia akipewa mhusika wa kuigiza.

Kwa hiyo tafuta kitabu chenye majibizano: maswali, vitisho, uongo, vijembe. Hadithi za sungura na fisi zimejaa hayo. Kitabu chenye maelezo marefu kiwe cha kumsomea mtoto kabla ya kulala. Mtu mzima aisome hadithi yote kwanza, akifungua kwa "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" Kisha gawa sehemu: mmoja msimulizi, wengine wahusika, na waliobaki wawe upepo au umati wa sokoni wenye kauli moja ya kurudiarudia. Mwenye haya mpe kikaragosi cha soksi. Wengi husema kupitia soksi yale wasiyothubutu kusema wenyewe.

Hapa natofautiana na walimu wengi: msiwakaririshe. Kitabu kibaki mkononi. Aliyekariri huacha kusoma siku aliyokariri, lakini anayejiandaa kuigiza akitazama kitabu ataurudia ukurasa huo mara 8 au 10 bila kulalamika, kwa sababu haoni kama ni marudio. Na kila mtoto apate zamu. Tukishaanza kuwaza mashindano ya drama, wale wanaosomasoma kwa kusita ndio hugeuzwa miti jukwaani.

Darasa lina wanafunzi 60 na kitabu ni kimoja? Andika majibizano kwenye karatasi ya manila, kila mhusika na rangi yake.

Kuhusu Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, sioni haja ya kugombana nayo. Waache wasimulie tena kwa maneno yao. Fisi akisema, "Manze, nimesota," uliza kitabu kimesemaje. Watarudi kupekua hadi wapate "Sina hata senti moja." Wanaochanganya l na r usiwakatize katikati ya igizo, ngoja limalizike, kisha wote mcheze kitanzandimi: "Wale wari wa Liwali wala wali wa Liwali." Hata mwalimu atateleza.

Asiye na vitabu nyumbani aanzie maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan ya hapa Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, au wauza vitabu vikuukuu wa mitaani.

Na mzazi anayeshuka matatu usiku akiwa hoi? Ukurasa mmoja unatosha, dakika 10. Wewe uwe fisi, na usome vibaya kwa makusudi: pita alama ya kuuliza kana kwamba hukuiona. Utarekebishwa papo hapo.