Gego lililokwama: kwa nini huenda likahitaji kung'olewa

Gego lililokwama ni lile la mwisho kabisa ambalo limekosa nafasi tayani, likashindwa kutoka sawasawa. Wengi tunaliita jino la hekima kwa sababu huja ukubwani, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25. Wakati huo meno 28 yameshajipanga, na haya manne ndiyo yanayotimiza 32. Yakikuta taya fupi, hayana pa kwenda.

Lipo linalozama lote ndani ya mfupa, mtu asione kitu. Lipo linalolala ubavu. La kawaida zaidi, hasa kwenye taya la chini, ni lile lililoinamia mbele na kumwegemea jirani yake. Na lipo linalotoa ncha tu, nusu nje, nusu chini ya ufizi. Hili la nusu ndilo lenye mateso.

Mpwa wangu, ninayekaa naye hapa Ngamiani, Tanga, alivumilia lake miezi kadhaa. Likianza kuuma anabana karafuu kule nyuma, maumivu yanashuka. Karafuu si uongo, mafuta yake hutia ganzi kweli. Asubuhi moja akaamka shavu limevimba, mhogo wa kukaanga ukamshinda, maana mdomo haukufunguka kuzidi upana wa kidole. Nikammulika kwa tochi ya simu. Kule nyuma ufizi mwekundu umelifunika gego nusu kama kawa, na pembeni panachuruzika usaha.

Kawa lile ndilo shida yenyewe. Chini yake pana kimfuko: chakula kinaingia, mswaki haufiki, vijidudu vinazaliana. Ufizi ukivimba, jino la juu huugonga kila unapotafuna, nao unazidi kuvimba. Kuusafisha, kusukutua kwa maji ya chumvi na dawa alizoandika daktari hutuliza, lakini kimfuko kinabaki pale pale. Ndiyo maana watu humaliza dozi, wakapumua, kisha baada ya miezi wakarudi na shavu lile lile. Uvimbe ukishuka chini ya taya, kumeza kukawa kazi na homa ikapanda, usingoje kupambazuke. Maambukizi yakifika shingoni huweza kuziba njia ya hewa. Kwa sisi wa Tanga mjini, ni hospitali ya Bombo usiku huo huo.

Sababu nyingine huja kimyakimya, nayo inanisikitisha zaidi. Gego lililoinama hunasa chakula kati yake na jirani, na jirani anaoza kwa nyuma asikoonekana. Mtu anapoteza gego zima analotafunia kwa ajili ya lile lisilomfaa kitu. Mara chache pia, kifuko cha majimaji hukua kulizunguka gego lililozama, kikala mfupa wa taya.

Lakini si kila lililokwama ling'olewe. Lisilo na ugonjwa huweza kuachwa na kuangaliwa. Uingereza ilitoa mwongozo wa namna hiyo mwaka 2000. Na yale maneno kwamba magego haya ndiyo yanayosukuma meno ya mbele yakapandana, utafiti haujayathibitisha. Tena upasuaji una hatari yake: mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu hupita karibu na mizizi, ukiguswa mdomo hufa ganzi, pengine kwa muda mrefu. Kwa hiyo eksirei hutangulia. Kwa kijana kazi huwa nyepesi, kwani mizizi haijakomaa na mfupa haujawa mgumu.

Mpwa wangu alitulizwa uvimbe kwanza. Siku ya kazi alichomwa ganzi, ufizi ukapasuliwa, mfupa ukachongwa kidogo, gego likakatwa vipande na kutolewa, kisha akashonwa. Damu inayoganda shimoni ndiyo inayoufunika mfupa, hivyo usivute sigara wala kusukutua siku ile ya kwanza. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, na kinywa kikanuka, rudi: huenda damu ile imetoka, na shimo litahitaji kusafishwa na kuwekwa dawa.