Upanga wenye pepo: yanayodhaniwa na yaliyomo katika kanuni

Mtaje pepo ndani ya upanga mbele ya wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, na wengi watasema mwongoza mchezo, yaani msimulizi wa hadithi, amewatega. Dhana kwamba kifaa chenye pepo ni adhabu tu ndiyo inayowanyima watu hadithi nzuri kuliko zote.

Chukua Upanga wa Kisasi, ulio katika kanuni za mwaka 2014. Umelaaniwa: ndani yake imo roho inayotaka kulipiza. Mwenye nao hupata nyongeza ya 1 anaposhambulia na anapojeruhi, na hiyo ni faida ya kweli. Ila akishafungamana nao kwa uchawi hataki tena kuuachia, na akipigana kwa silaha nyingine hurusha dadu mbili na kuchukua namba ndogo. Kila akijeruhiwa vitani, hupimwa hekima kwa dadu ya pande 20: afikishe 15. Asiye na nyongeza yoyote ya hekima ana nafasi 6 kati ya 20. Akishindwa, atamwandama aliyemjeruhi mpaka mmoja wao aanguke au adui asifikike tena.

Fikiria mwenzake amelala chini anavuja damu, naye mwenye upanga haoni mtu ila yule aliyemjeruhi. Hasira hiyo si yake. Ni ya nani, basi? Kanuni hazisemi, zimemwachia mwongoza mchezo aamue mwenye roho hiyo alikuwa nani, alidhulumiwa nini na nani. Anayeiacha nafasi hiyo tupu ndiye anayeugeuza upanga kuwa mtego.

Wengine hudhani mchawi wa kundi akikikagua kifaa, laana itajulikana. Sivyo. Kanuni zinasema njia nyingi za utambuzi hazifichui laana, ingawa habari za kale za kifaa zinaweza kudokeza. Kwa hiyo dokeza: mhunzi anakataa kuunoa upanga, mjane sokoni anautambua mpini na kuanza kulia.

Ipo pia hofu ya wazazi, kwamba kuigiza pepo ni kumwita. Marekani ilipita humo miaka ya 1980, hata toleo la pili la mchezo, la 1989, likaondoa viumbe walioitwa mashetani. Mezani kuna karatasi, penseli na dadu. Mzazi mwenye wasiwasi akaribishwe, akae, atazame.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye tiba. Watu huamini uchawi wa kuondoa laana hukitakasa kifaa. Unachofanya ni kukata kifungo, mtu aweze kukitupa. Laana hubaki humo humo ikimngoja atakayekiokota. Kwa upanga huu kuna njia ya pili: ukipigwa kwa uchawi wa kufukuzia ulimwengu mwingine, roho hulazimika kutoka, na upanga hubaki na ile nyongeza ya 1 peke yake. Kwa maneno yetu, njia ya kwanza humwokoa mtu, ya pili ndiyo kupunga pepo.

Mhusika aliye kasisi hupata uchawi wa kwanza akifika ngazi ya 5 ya uzoefu, wa pili ngazi ya 7. Kundi lililouokota upanga likiwa ngazi ya 3 lina vikao vingi vya kuishi na roho hiyo, kulijua jina lake, na kumtafuta aliyeidhulumu.